Dawa za Shabani hazikuwa kwenye begi langu

Bado akili inagoma. Jumamosi nilikuwa na Shabani kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe, Kisarawe. Jumapili nilikuwa kwao Kibuta, natia udongo kwenye kaburi lake.

Kwa wasiomjua: Shabani alikuwa mpigapicha wa chumba chetu cha habari, jirani yangu hapa Kibaha, na mtu niliyekuwa nampigia simu kabla ya ndugu zangu.

Siku za off tulikuwa na mchezo wetu. Watu wanaficha vikopo porini, wanaweka namba za GPS mtandaoni, wengine tunakwenda kuvitafuta. Ukikipata unaandika jina kwenye karatasi iliyomo ndani, unakirudisha palepale. Hakuna zawadi.

Mara moja kule Gwata mzee mmoja alitusimamisha kwenye shamba lake la mihogo. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Kama mmekuja kupima ardhi semeni mapema."

"Hapana mzee," Shabani akamwambia. "Tunatafuta kopo."

"Lina nini?"

"Karatasi."

Mzee akatutazama sana. "Nyie mmesoma mpaka wapi?"

Shabani alisimulia hiyo ofisini mpaka boss akamkataza, maana watu walikuwa wanakosa deadline.

Alipenda vikopo vya kwenye makorongo, ambako njia inaisha na lazima ushuke ukuta kwa kamba. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu ameishika kamba na kuuliza kila mara, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Asipojibu, unavuta.

Yeye alikuwa anajibu, "Nipo, Mhaya, usianze kulia." Mimi namwambia Mzaramo akae kimya ashuke.

Mwaka huu alianza kuhema tukipanda. Nikamuuliza. Akasema ni kitambi. Nikacheka, kwa sababu kweli alikuwa nacho.

Jumamosi hatukuhitaji kamba. Tulishuka kwa miguu mpaka chini ya ukuta, akakaa kwenye jiwe.

"Nenda wewe. Leo nakuangalia."

"Unaumwa?"

"Mafua tu, Method. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nilikwenda. Kikopo kilikuwa kwenye ufa wa mwamba, mahali pa wazi kabisa. Nikapiga kelele kwamba nimekipata. Hakujibu. Nikadhani anapiga picha.

Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta na macho yake hayakunifuata. Nilimkandamiza kifua kama tulivyofundishwa kazini. Wakata kuni wawili wakanisaidia kumpandisha. Kituo cha afya wakasema tumemfikisha akiwa ameshafariki. Moyo.

Nimeripoti ajali, mafuriko, kesi za mauaji. Kwa hiyo niliyamudu hayo yote vizuri tu. Kilichonivunja kilikuja baada ya mazishi.

Mkewe, Zuhura, ameanza eda nyumbani kwake hapa Kibaha. Aliniita kupitia dada yake, nikakaa kizingitini.

"Shemeji," akasema, "nijibu jambo moja tu. Dawa zake ulikuwa nazo. Kwa nini hukumpa?"

"Dawa gani?"

"Usinifanyie hivyo, shemeji. Za moyo."

"Shabani alikuwa na ugonjwa wa moyo?"

Dada yake Zuhura ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo waombolezaji wa nje waliisikia: "Daktari alimkataza milima. Akatuambia Method anajua kila kitu, Method anabeba dawa kwenye begi jekundu, Method hamruhusu ashuke. Sasa leo hujui?"

Nilikwenda kwenye gari, nikalileta lile begi, nikalimwaga mkekani mbele yao. Kamba. Glavu. Chupa ya maji. Biskuti alizonunua yeye asubuhi ile.

Dada akaingia chumbani, akapekua koti la kazini la Shabani, akatoka na pakiti ya vidonge. Haikuwa imefunguliwa.

Kazini hatutoi habari yenye chanzo kimoja. Zuhura alikuwa na chanzo kimoja kuhusu mimi. Mimi nilikuwa na chanzo kimoja kuhusu afya ya Shabani. Kilikuwa chanzo kilekile, na kilitudanganya wote wawili kwa utulivu kabisa.

Tangu juzi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nilimwacha mgonjwa afe korongoni, dawa zake zikiwa mgongoni kwangu, kwa ajili ya kopo. Watu ninaowaheshimu wameituma. Wengine ni ndugu zake, na sitaki waendelee kuliamini hilo kila wanaponiona.

Sikutaka kuandika juu ya marehemu ambaye hawezi kujibu. Nilimpigia Zuhura, nikamsomea yote haya. Akasema, "Weka, shemeji. Mimi ndiye niliyewaambia ulikuwa na dawa. Andika na hilo."

Nimeandika.

Sasa wewe, Shabani.

Mara ngapi nimekushikia kamba ukining'inia juu ya mawe, moyo wako ukiwa vile? Ungezimia chini kule ningevuta maiti, nisijue hata ni kwa nini.

Nyumbani ulilitumia jina langu kama ruhusa. Kila ulipotaka kutoka ulimwambia mkeo nipo, na yeye akakufungulia mlango kwa sababu ananiamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nimejiuliza kwa nini hukuniambia, na jibu si gumu. Ungeniambia, ningekataa kwenda. Ulijua ningekataa.

Siku ya arobaini nitakuja Kibuta. Nitakaa na ndugu zako, na atakayeniuliza nitamjibu. Kukusamehe bado. Sitaandika hapa kwamba nimekusamehe ili post imalizike vizuri.

Mungu akupumzishe, rafiki yangu. Lala. Hasira niachie mimi.