Kwenda Shule kwa Miguu

Muuguzi wa kituo cha afya alisema bila kuzunguka: binti wa mdogo wangu, aliyekuwa darasa la tatu, ana uzito ambao moyo wake hautauvumilia. Atembee, apunguziwe sukari na vitu vya kukaangwa. Hapa Kasongo maneno hayo yalisikika kama kashfa, kwa maana sisi sote tulilelewa tukiogopa wembamba.

Hata hivyo wanawake wa mtaa wetu walikubaliana. Si yeye peke yake aliyepelekwa shule kwa pikipiki tangu dhahabu ilipoingiza fedha katika baadhi ya nyumba. Watoto wote wangekwenda kwa miguu, pamoja, mama mmoja mbele na mwingine nyuma, bila kula chochote njiani.

Asubuhi ya kwanza tuliwapanga mstari mmoja, mifuko kichwani. Mama yangu mzazi alitoka nje, akawaona, akamshika mjukuu wake mkono.

"Banakwenda wapi hivi?"

"Kwa masomo, mama."

"Kwa masomo! Batu banapangwa hivi wakati ya kukimbia."

Jirani mmoja akacheka. "Mama, huyu wako akikimbia, barabara itabomoka!"

Watoto nao wakacheka. Msichana akatazama miguu yake.

Mama hakucheka. Wakati wa vita, nilipokuwa chuoni Kindu, alitoka Kabambare kwa miguu na watoto watatu. Aliyefika Kasongo akiwa hai ni mdogo wangu, mgongoni mwake. Wawili waliishiwa nguvu njiani, naye hakuwa na kitu cha kuwatia kinywani.

"Basi nitakwenda naye miye," alisema. "Lakini mutoto hatembei bila chakula."

"Mama, muuguzi amekataza."

"Muuguzi hakuzika batoto bangu."

Tangu hapo wawili hao wanatembea nyuma yetu, mama akiwa amefunga mandazi katika pindo la kitenge chake. Wanawake wanaona, hakuna anayethubutu kumwambia neno. Tukifika penye mwinuko, msichana hukaa chini, jasho likimtoka, pumzi fupi, midomo imepoteza rangi. Mimi naona moyo unaoshindwa. Mama anaona njaa. Hupiga magoti vumbini, akafungua pindo.

"Kula, mama yangu. Kula, tufike."

Na mtoto, kwa utii, hutafuna kabla pumzi haijamrudia.