Boliti za Ijumaa Jioni

Sisi tuliokulia Suna miaka ya tisini tuliijua Ijumaa kwa harufu. Maharagwe yalichemka tangu adhuhuri, chapati zikapangwa kwenye sufuria na kufunikwa kwa kitambaa, nasi watoto tukasuguliwa visigino kwa jiwe hadi vikawaka moto. Baba alikuwa Msabato wa kweli kweli. Jua likishazama hakuna kupika, hakuna kufua, hakuna kushika chombo cha kazi mpaka kesho yake jioni.

Na baba alikuwa na pikipiki. Alikuwa afisa wa mifugo, akienda nayo hadi soko la ng'ombe la Ogwedhi na kurudi mwekundu kwa vumbi. Tuliisikia ikiwa bado mbali, tukakimbia kugombania nani atazima swichi. Vijana wa boda wa leo, injini ikivuja, huongeza muziki. Baba alipoona tone moja la mafuta sakafuni, usingizi haukumjia.

Ijumaa ninayoikumbuka halikuwa tone. Mafuta yalitambaa kutoka kwenye kifuniko cha klachi, yakachora mstari mweusi hadi chini ya injini. Na asubuhi ile ile habari zilikuwa zimetufikia kutoka Kisegi, kwao mama: dani, bibi yetu mzaa mama, amekataa chakula na anamwita binti yake. Tungeondoka alfajiri ya Sabato, maana kumtembelea mgonjwa baba hakuona dhambi. Kutengeneza pikipiki ndiko kulikokuwa dhambi.

Alirudi kutoka kazini jua limeshainama. Maduka hayakuwa na gasketi ya aina ile, karatasi inayozuia mafuta yasivuje, kwa hiyo akaikata mwenyewe, kama mafundi wote wa siku zile. Alimwaga oili ndani ya karai, akafungua kifuniko, akakwangua mabaki ya gasketi kuukuu kwa wembe, taratibu, kama anayenyoa mtoto mchanga. Akalaza karatasi ngumu ya boksi la biskuti juu ya kifuniko, akaigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajichora. Mashimo ya boliti akayatoboa kwa msumari. Tulichuchumaa tukimzunguka, tumeshaoga, tukivuta harufu ile ya oili na boksi. Hata leo ikinipitia nasimama.

"Boliti hukazwa kwa kuvukana," alizoea kutuambia. "Hii kidogo, ya ng'ambo kidogo. Ukikaza moja mpaka mwisho, kifuniko kinapinda."

Alikuwa amezirudisha zote kwa vidole tu, hajakaza hata moja, jua lilipozama nyuma ya kilima. Akaweka spana chini, akanawa mikono.

"Wuon Atieno," mama alimwita, yaani baba yake Atieno, ambaye ni mimi. "Imebaki kukaza tu."

"Sabato imeingia, min Atieno."

"Na mama yangu je?"

Baba alivuta kiti mlangoni, akafungua Biblia, akatuanzishia wimbo. Mama alilelewa Mkatoliki na akabatizwa upya kwa ajili ya ndoa. Nadhani jioni ile yule msichana wa zamani alirudi. Alikunja leso yake magotini, akaokota spana.

"Sabato shika wewe," alisema. "Mimi nitashika hii."

Nilimwogopea mama yangu. Alikaza kidogo, akavuka ng'ambo, akakaza kidogo, machozi yakimtoka bila sauti. Kila alipotaka kuzidisha, baba alikohoa. Hakuinua macho kutoka kwenye Biblia, ila kikohozi kilifika palipotakiwa, na mama akalegeza mkono na kuhamia boliti nyingine. Wakamaliza hivyo, mmoja akiimba na kukohoa, mwingine akilia na kukaza. Kisha mama akarudisha oili na kutandika gazeti chini ya injini.

Alfajiri gazeti lilikuwa kavu. Nikapandishwa mimi tu juu ya tangi, mbele ya baba, mama nyuma yake, tukashika barabara ya murram ya Sori, ziwa likijitokeza na kujificha upande wa kushoto. Ukungu ulikuwa mwingi hata nikadhani tunapita juu ya maji yenyewe.

Dani alikuwa hai. Macho yake hayakuona tena, lakini aliushika mkono wa mama akaunusa.

"Hii mkono inanuka mafuta ya gari," alisema. "Nyathina, mtoto wangu, siku hizi umekuwa fundi?"

Mama alicheka huku analia. Alimlisha uji kwa mkono ule ule, na dani akaumaliza. Wiki haikuisha akatuacha.

Siku hizi lami imefika karibu kila mahali, na mafundi wako kila kona. Mimi ninaishi Nakuru, na gari langu halivuji hata tone. Mama sasa ni mzee, yuko peke yake pale Suna. Hupiga simu kuniuliza nitakuja lini, nami namwambia wiki ijayo, mama, nikipata nafasi.

"Sawa," hunijibu. "Uendeshe pole pole."