Trekta Kwenye Njia ya Kurukia

Hadi leo nikilikumbuka lile trekta hasira hunipanda, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa msimamizi wa usalama wa magari kwenye uwanja mmoja wa ndege huku kanda ya ziwa. Siutaji. Kanuni ilikuwa fupi: dereva anayetaka kuvuka njia ya kurukia ndege aombe ruhusa kwa redio kwenye mnara wa kuongozea ndege, na akijibiwa ayarudie maagizo neno kwa neno, ili aliyeko juu ajue ameeleweka. Ni jambo la sekunde tano. Lakini dereva wa trekta la kukatia majani, mzee aliyenifundisha kazi nilipotoka mtaani kwetu Butimba sina hata leseni ya udereva, hakurudia kitu. Kukariri maneno ya binti aliyekuwa akiongoza ndege mnarani aliona ni kurudishwa darasa la kwanza. Akiambiwa lolote alijibu, "Sawa, binti," basi. Tulicheka. Nilimkumbusha mara mbili, kwa upole wa kijinga, halafu nikaacha. Ningemwandikiaje ripoti mtu ninayemwita baba?

Asubuhi moja ya masika, majani yamefika magotini, binti alimwambia asubiri kwenye mstari, kuna ndege inakuja kutua. Akajibu sawa, binti. Akili yake ilikuwa kwenye kisu cha trekta kilichokuwa kinagonga mawe. Akavuka. Nililiona trekta katikati ya lami na ndege ikishuka kutokea ziwani. Binti akamwamuru rubani apae tena. Ndege ilipita juu yetu kwa kishindo, ikazunguka, ikatua salama. Abiria walishuka wakilalamika wamecheleweshwa.

Kwenye kikao wakubwa wakamgeukia binti. Kwa nini hakumlazimisha arudie? Wakataka asimamishwe kazi. Mzee akatazama meza. Kila mtu mle ndani alijua ukweli, ila hakuna aliyetaka kumwaibisha mtu mzima, kwa hiyo bora aumie mdogo. Ndiyo tabia yetu, na inanikera mno.

Binti alisema kitu kimoja tu: "Wiki yangu ya kwanza nilimwomba arudie. Nikaambiwa sina adabu."

Hakusema aliambiwa na nani. Nilikuwa mimi.

Nikasimama, nikaeleza kwamba nilijua tangu mwaka uliotangulia kuwa mzee harudii maagizo, na sikuandika hata mstari mmoja. Binti akabaki kazini. Mimi nikapewa barua ya onyo, na mzee akanyang'anywa trekta, akapelekwa stoo kugawa mafagio.

Jioni nilimkuta getini akisubiri usafiri wa Igogo. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Alinisikia vizuri kabisa. Akageuza uso akatazama barabara, nami nikasimama pale kitambo nikingoja marahaba.