Fundi marumaru anayeishi roho juu kwa viungo vya mbwa wake

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanawa uso, fundi anatoka uani na tochi ya simu na kijiti mkononi, anaanza kutafuta kinyesi cha mbwa. Jirani anayeosha gari upande wa pili wa uzio ameshazoea. Anamsalimia, kisha anageuza uso, maana kuna mambo ya watu ambayo si adabu kuyakodolea macho.

Kinyesi kinapatikana karibu na tangi la maji. Fundi anainama polepole, mkono mmoja ukutani, anakifumua kwa kijiti na kukimulika. Kina rangi yake ya kawaida. Anashusha pumzi, lakini anabaki vilevile ameinama kwa muda, kwa sababu kuinuka nako ni shughuli.

"Kikiwa cheusi ujue tumbo linavuja damu," anasema. "Daktari aliniambia nikiona weusi nisimpe kidonge, nikimbie kwake. Kwa hiyo siku yangu inaanzia hapa. Nikikuta kiko sawa, ndiyo nakumbuka kwamba nina njaa."

Mtaani wanamwita Pima Maji, jina la kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa sababu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kuitazama sakafu kama imelala vizuri. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya umri huo ameipitisha amepiga magoti akipanga marumaru kwenye majumba ya watu wengine. Sakafu ya kwake ni saruji tupu.

Mbwa anayemnyima usingizi ni jike kubwa la kahawia, mwenye mvi mdomoni, anayekaribia miaka kumi na mitatu. Jina lake analo, lakini limesahaulika. Siku moja fundi alirudi kazini akauliza mbwa kala nini kabla hajamsalimia mkewe. Mama wa watu akaweka mikono kiunoni, akasema kumbe nyumba hii ina wake wawili na yeye hakuambiwa. Tangu hapo mbwa anaitwa Mke Mwenza, na mtaa mzima ukalidaka jina.

Alipokuwa na nguvu zake, Mke Mwenza alikwenda kazini na fundi, akalala juu ya mifuko mitupu ya simenti, na hakuna fundi aliyewahi kupoteza mwiko mbele yake. Sasa ana baridi yabisi kwenye nyonga na magoti ya nyuma. Akitaka kusimama hujisukuma kwa miguu ya mbele, akatetemeka, akasita, akajaribu tena.

Ugonjwa ulimkaba mwaka jana, majira ya baridi. Fundi naye magoti yalikuwa yamemwaka moto. Anakumbuka walivyokuwa wakiamka pamoja, yeye kashika kitanda, mbwa kaegemea ukuta, wote wawili wakiguna. Mkewe aliwacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

Hapo ndipo fundi alipofanya kosa ambalo hadi leo akilisimulia sauti inashuka. Mafundi marumaru wana desturi yao: mwenzako akishikwa na magoti, unatoa kidonge chako unakivunja, nusu kwako nusu kwake, na hakuna anayeuliza kitu. Ndivyo walivyosaidiana miaka yote. Basi asubuhi moja fundi akakivunja kidonge chake cha maumivu, nusu akameza, nusu akaifunga ndani ya kipande cha nyama akampa mbwa.

"Nilimhesabu kama fundi mwenzangu," anasema.

Siku mbili za kwanza mbwa alirukaruka mpaka getini. Fundi akatamba kwa majirani, akijiona tabibu. Siku ya nne Mke Mwenza alikataa chakula, akatapika damu, na kinyesi chake kikawa cheusi mithili ya lami. Walimpakia kwenye toroli la mchanga wakamsukuma hadi kwa daktari wa mifugo, ambaye ofisi yake iko nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliuliza kalishwa nini. Mkewe ndiye aliyejibu kwamba mume wake amempa dawa yake mwenyewe ya magoti.

Daktari hakufoka. Alieleza tu, huku akimtundikia mbwa dripu, kwamba dawa inayomtuliza mtu inaweza kulichubua tumbo la mbwa na kuua figo zake, hata ikiwa kidogo. Mbwa alilala pale karibu wiki nzima. Fundi naye alilala benchini usiku wa kwanza, mpaka alipofukuzwa.

Alipona. Lakini baridi yabisi haiponi, hutulizwa tu, na alipopata nafuu kamili daktari alimwandikia dawa halisi ya mbwa. Ni kidonge kinachopimwa kwa uzito wake, kinatolewa pamoja na chakula, kila siku, maisha yake yote. Na kwa kuwa figo zake zilikwisha kutikiswa, damu yake inapimwa kila baada ya miezi mitatu. Majibu yakiwa mabaya, dawa inakatwa. Dawa ikikatwa, daktari alisema bila kuzunguka, kitakachobaki ni sindano ya kumpumzisha milele.

Fundi hulipwa kwa mita za mraba, na hesabu zake zote huzifanya kwa mita. Chupa ya vidonge vya mwezi ni mita tisa za sakafu. Kipimo cha damu ni mita saba. Kazi zikiwepo, mita hizo si nyingi, lakini kuna miezi ambayo anapata mita arobaini tu, na humo ndani mna kodi ya kiwanja, chakula na umeme. Ilibidi kitu kiachwe. Akaacha dawa yake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Saa tatu asubuhi yuko kazini, ghorofa ya pili ya jengo la ofisi ambalo bado halina madirisha. Anapaka gundi kwa mwiko wenye meno, analaza marumaru, anaigonga kwa nyundo ya mpira, anasikiliza. Mikono yake ina haraka ya kijana. Magoti, hata yakiwa yamefungwa sponji, ni ya mtu mwingine kabisa.

Ana siri moja hapa: hasimami mbele ya msimamizi. Msimamizi akipanda ngazi, Pima Maji anaendelea kutambaa. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye anabaki chini mpaka chumba kiwe kitupu, ndipo ashike ndoo, ashike ukuta, ajivute. Msimamizi, hana hili wala lile, humsifu mbele ya vijana kwamba mzee huyu hata chai haitaki.

"Akiniona ninavyoinuka, kesho sina kazi," fundi ananong'ona, jicho likiwa kwenye ngazi. "Sina kazi, sina mita. Sina mita, yule nyumbani hana kidonge. Nikimaliza kufikiria hivyo, mikono inanitoka jasho mpaka marumaru inateleza."

Mwezi uliopita goti la kulia lilikataa kabisa, akaanguka ubavu juu ya sakafu aliyoipanga mwenyewe. Mwenzake alipoingia, fundi alikuwa bado chini. Aliweka sikio sakafuni, akasema anasikiliza kama kuna marumaru yenye uwazi chini yake. Mwenzake akasikiliza naye. Fundi anacheka akisimulia, lakini ni kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Leo roho yake iko juu kuliko siku zote, kwani majibu ya damu yanatoka jioni. Tangu asubuhi simu yake ikilia anashtuka, kumbe ni watu wa matangazo. Anakosea kipimo mara mbili, jambo ambalo wenzake wanasema hawajawahi kuliona.

Saa kumi na moja yuko benchini kwa daktari, mkewe kando yake, Mke Mwenza amejilaza juu ya viatu vya fundi. Daktari anatoka na karatasi. Anasema figo hazijaharibika zaidi, zimesimama palepale zilipokuwa, kwa hiyo dawa iendelee na wapime tena baada ya miezi mitatu.

Fundi anataka kusimama ampe mkono. Anajisukuma, anatetemeka, anasita, anarudi chini. Anajaribu tena. Hapa hakuna ukuta wa kushika.

"Wewe unatumia dawa gani?" daktari anamuuliza.

Fundi anatazama sakafu. Mkewe anamtazama yeye, na usoni mwake mambo mengi yanajipanga kwa mpigo mmoja: ile ndoo anayoiegemea bafuni, ule uvivu wa kupanda kitandani, lile kopo la vidonge ambalo kwa miezi halijabadilishwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema taratibu. "Baba watoto, nisikilize vizuri. Mimi sina uwezo wa kuuguza wawili. Siku utakayolala wewe, nitamuuguza mume wangu. Huyu sitaweza kumnunulia dawa. Nakuambia leo usije ukasema sikukuambia."

Daktari anarudi ndani kufunga vidonge, na hata mwandishi wa makala haya hajui aweke macho wapi.

Nyumbani wanazungumza mpaka giza linaingia, na kutoka katika mazungumzo hayo umezaliwa mpango. Jumatatu fundi atamweleza msimamizi ukweli na kuomba ahamishiwe kwenye kuta, ambako mtu hufanya kazi akiwa wima. Kuta hulipa pungufu kwa karibu theluthi moja. Ili kuziba pengo, watapangisha chumba cha mbele, kilichokuwa cha watoto kabla hawajaoa na kuolewa. Mkewe, ambaye ni mshonaji, atahamishia cherehani jikoni.

Hesabu yenyewe bado haijakaa sawa, na wote wawili wanajua. Mpangaji anaweza asipatikane. Msimamizi anaweza kusema asante mzee, nenda kapumzike. Fundi amejaribu mara kadhaa kuyasema kwa sauti maneno atakayomwambia Jumatatu, na kila mara anaishia katikati.

Anapoulizwa anachotumaini, anageuka kumtazama mbwa. Mbwa amelala katikati ya mlango, mahali ambapo kila mtu lazima amruke.

"Watu huomba mbwa wao aishi sana," anasema. "Mimi sasa ninaogopa kuomba hivyo. Naomba atangulie yeye. Hata kwa siku moja. Asije akabaki anangoja mtu wa kumpa kidonge, na mtu huyo hayupo."

Mkewe amesikia yote kutoka jikoni. Anamruka mbwa, anaweka mbele ya mumewe glasi ya maji na kopo jipya la vidonge vya magoti, alilolinunua njiani bila kusema neno, kwa fedha za sketi mbili alizoshona.

"Basi meza, baba watoto," anamwambia. "Kama unataka yeye atangulie, meza."