Unyayo wa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, mganga mfawidhi wa hospitali niliyopangiwa hapa bondeni alinikabidhi tochi, pamba, nyundo ndogo ya mpira na ufunguo wa kabati ambalo halikuwepo. Nikamuuliza ufunguo ni wa nini. "Wa kukwaruzia nyayo," akasema, wala hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na viatu vyake viling'aa hata masika, wakati Ifakara nzima tunatembea na matope.

Ninyi matabibu wa leo mna mashine za kupiga picha ubongo, na mimi siwaonei wivu, ila mnapenda mno kuzisubiri. Sisi kichwa tulikisoma kwa nje. Zipo neva kumi na mbili zinazotoka ubongoni kwenda machoni, usoni, kooni, na moja inafika hadi tumboni. Kila moja ina swali lake. Ukimulika jicho, mboni inasinyaa. Ukimwambia mgonjwa aonyeshe meno, unatazama kama mdomo umevutwa upande. Anatoa ulimi, anapandisha mabega, nawe unaandika.

Kisha unashuka chini. Unagonga goti na mguu unaruka wenyewe, maana habari imeishia kwenye uti wa mgongo na jibu limetoka huko huko, bila ubongo kuulizwa. Mwisho ni unyayo. Unaukwaruza kwa ufunguo kuanzia kisigino, na kwa mtu mzima asiye na tatizo kidole gumba kinainama. Kikiinuka juu, njia ya amri kutoka ubongoni ina kasoro. Na msisahau kwamba amri hizo huvuka: ubongo wa kushoto ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno.

Nilianzia wodi ya wanaume, nikahamishiwa Malinyi, nikagonga magoti ya wavuvi na wakulima wa mpunga miaka minne. Niliporudi Ifakara nilikuwa nimeshaoa, tunakaa Mlabani, na nilijiona fundi. Majivuno hayo yalikaribia kumuua mama mkwe wangu.

Alikuwa akiishi Kisawasawa, mjane, mcheshi kwa kila mtu isipokuwa mimi, maana mimi ni mkwe. Nilivyolelewa mimi kwetu Mahenge, mama mkwe humtazami usoni, humgusi, na mkikutana njiani unampisha. Asubuhi moja mke wangu alimleta hospitali. Tabibu mwenzangu alikuwa amekwenda kuchanja watoto vijijini, nipo peke yangu chumbani.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho kwenye meza.

"Marahaba, mkwe." Neno la pili lilichelewa kidogo. Nililisikia likichelewa.

"Baba Anjela," mke wangu akasema, "mama aliteleza mashineni pa kukoboa mpunga, wiki ya tatu sasa. Kichwa hakimwachi. Na kandambili ya kulia inamvuka njiani, yeye hana habari."

Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua la kufanya. Mimi nilifikiria kumwambia mama mkwe anitolee ulimi, nimshike mguu, nimkwaruze unyayo, nikaona bora ardhi inimeze. Ningeweza kumwita muuguzi anishikie ule ufunguo. Sikumwita, kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini naona aibu. Nikachukua kadi nikaandika: neva zote kawaida, magoti kawaida, nyayo kawaida. Nikampa dawa ya maumivu. Alishukuru akatoka, na kandambili ilimvuka mlangoni.

Siku ya tatu alirudishwa amelala kwenye mkeka nyuma ya pikapu, hawezi kusema, mkono wa kulia umelegea. Mganga mfawidhi alimpima mwenyewe. Alipokwaruza unyayo wa kulia, kidole gumba kiliinuka, kila mtu akakiona. Kisha akasoma kadi.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, daktari."

"Basi sikiliza. Kama juzi alikuwa mzima hivi ulivyoandika, hiki ni kiharusi cha jana au leo, na fuvu halitobolewi. Kama juzi tayari kulikuwa na kasoro, ni damu ya kule kuanguka, inajikusanya pole pole na kuukandamiza ubongo, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa. Kidole kilielekea wapi juzi?"

Mke wangu alikuwa amesimama pale. Nilijua nikisema kweli nitapoteza kazi, na pengine na mke. 

"Sikupima," nikasema. "Ni mama mkwe wangu. Mguu wa kulia alikuwa anauburuta, kandambili ikamvuka, niliona."

Hakunifokea. Alinirudishia kadi. "Ulimheshimu, halafu ukamwandikia uongo. Futa, andika ulichoona. Anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi."

Walitoboa fuvu upande wa kushoto, damu nyeusi ikatoka. Nilipewa barua ya onyo na miezi sita ya kupima wagonjwa nikisimamiwa. Mke wangu hakusema nami hadi mama yake alipofumbua macho.

Maneno yalikuwa yamemtoroka. Hakuweza kuomba maji, lakini jioni wenzake wodini walipoanza rozari, alisali Salamu Maria nzima bila kukwama. Mganga mfawidhi akanieleza kwamba maneno yaliyozoewa tangu utotoni yana njia nyingine kichwani. Mimi nilisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, mbali, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi.

Mama akanitazama, mara ya kwanza usoni. Alitafuta neno, hakulipata. Akasukuma shuka na kuutoa mguu wa kulia nje ya kitanda, ukielekea kwangu. Nilikwenda nikapiga magoti. Nilikwaruza kwa ule ufunguo, na kidole kikainama. Nililia mbele ya wodi nzima, na sijutii.

Nimestaafu. Mwezi uliopita nilianguka na baiskeli, na mguu wa kushoto ukaanza kunisaliti. Mume wa binti yangu Anjela, tabibu kama mimi, alikuja kunijulia hali. Alikaa kiti cha mbali, kama mkwe anavyopaswa, akaniuliza habari za mpunga. Nilimwona akitazama mguu wangu, kisha akitazama dari.

"Una ufunguo?" nikamuuliza.

"Wa pikipiki tu, baba."

Nikavua soksi, nikasogeza kiti changu hadi kwake na kuuweka unyayo wangu mapajani pake. Akautoa ufunguo mfukoni. Nikamwambia apime, kisha aandike alichokiona.