Somo Lisilo na Shikamoo

Mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya mradi wetu pale Ifakara, ni mimi peke yangu niliyejua kuingiza orodha za wakulima kwenye kompyuta. Ujuzi huo ulinigeuza mfungwa. Dada yangu alikuwa anaolewa kijijini Mbingu Jumamosi, na bosi akasema sitoki mpaka karani mkuu aweze kuifanya kazi hiyo bila mimi.

Karani mkuu, mzee wa Mahenge, hakutaka kufundishwa na msichana mbele ya watu. Nikaamua kurekodi somo alitazame kwa nafasi yake. Tulikuwa na programu mbili za kurekodi yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta. Moja ilirekodi vizuri sana, ila iliijaza diski kabla sijafika katikati. Ya pili ilikuwa ya majaribio, ikifika dakika ya tatu inakata. Nikaichagua hiyo. Dakika tatu zinatosha: fungua hapa, andika jina, hifadhi, funga. Jumatano asubuhi nikawa nimemaliza.

Mzee alitazama kidogo, akakunja uso.

"Huyu binti anaamrisha tu. Bonyeza, bonyeza! Hata shikamoo hakuna?"

Bosi akamuunga mkono kwa uzito wote wa cheo chake. Alhamisi nikarekodi upya. Nikatoa shikamoo, nikanyamaza ili mzee apate nafasi ya kuitikia, nikaulizia nyumbani, mpunga na mvua. Bosi, aliyesimama nyuma yangu, akanikumbusha niwatambue na wageni waalikwa, ambao hawakuwapo. Programu ikakata nikiwa ndiyo kwanza nashika mausi.

Ijumaa tukaitisha kikao. Watu wazima, siku nzima, wanajadili salamu za kompyuta! Kikaamua masomo yawe mawili, moja la salamu na moja la kazi. Nilimaliza kuyarekodi Jumamosi saa nane mchana, nikadandia lori la mpunga huku nikiwatukana wote kimoyomoyo.

Nilifika Mbingu jua linazama. Dada alikuwa ameshaondoka na mumewe. Wakanipa wali uliopoa.

Jumatatu nilimkuta mzee akiingiza orodha, safi kabisa, wala hakosei.

"Shikamoo mzee. Naona somo la salamu limekufaa."

"Marahaba. Hilo sijalifungua bado, binti. Nilijifunza kwa lile la kwanza, Jumatano ileile, mlipotoka kula."

Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikalia.