Mama Alisema Mwanawe Ni Mvivu

Kazi yangu ni kuwatazama vijana wanaocheza mpira wa kikapu katika timu za vyuo, kisha kuieleza timu moja ya kulipwa nani anafaa kuchukuliwa siku ya drafti, siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Niliwahi kucheza mwenyewe, goti likanistaafisha mapema. Sasa nalipwa kwa kukosoa wenzangu wenye magoti mazima.

Mwaka mmoja nilipewa kumchunguza fowadi, mchezaji wa mbele, wa chuo kimoja cha Houston, kijana wa familia ya Warundi waliokuja kama wakimbizi. Nilimpenda tangu mchezo wa kwanza. Ana mikono mirefu, na mpira ukigonga ubao yeye ameshajua utaangukia wapi. Mitupo ya mbali ilikuwa bado, lakini hiyo hufundishika. Kilichonikera ni kimoja tu: katika michezo mingine, timu yake ikipoteza mpira, alirudi kulinda akitembea, kama mtu anayetoka misa.

Bosi wangu aliliona pia. Ni Mmarekani, mtu mwema, ila haamini jambo mpaka liandikwe. Akataka twende kwao tukaonane na mzazi. Jumamosi moja nikaendesha gari saa nne kutoka kwetu Carrollton, yeye pembeni akikoroma, tukafika mchana Gulfton, mtaa wa Houston wanakoishi wakimbizi wengi. Mama wa kijana alikuwa ametoka kutandika vitanda hotelini tangu alfajiri, na bado alitupikia maharage na ndizi. Kijana mwenyewe alikuwa mazoezini. Tulipomaliza kula, bosi akaniambia nimuulize mama kwa Kiswahili, mwanawe ni mtu wa namna gani.

Mama akatabasamu akitazama sahani. "Huyu? Mvivu tu huyu, mwanangu. Kula na kulala. Sijui makocha wanaona nini kwake."

Nikatafsiri neno kwa neno, kama karani wa mahakama. Bosi akaandika.

Tulikuwa karibu nusu ya safari ya kurudi ndipo nilipomkumbuka mama yangu mzazi. Mgeni akinisifu, alikuwa akisema, "Huyu kichwa maji?" Na wiki hiyo hiyo alikuwa ameizungusha ripoti yangu ya shule kwa dada zake wote. Kwetu mzazi hamsifu mwanawe mbele ya mgeni. Ni kujigamba, tena ni kumwitia mtoto husuda. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na bado nilikaa pale nikitafsiri. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Nikamweleza bosi. Akasema huenda ni kweli, lakini mama amesema mvivu na video zinaonyesha kijana anatembea. Ripoti ilikuwa inatakiwa Jumatatu. Nisipoleta ushahidi mwingine, sentensi ile ingebaki. Na hapo kijana angekuwa amekwisha, kwa sababu timu husamehe mtupo mbaya lakini uvivu haziusamehe.

Usingizi haukunijia vizuri. Asubuhi nikakumbuka kwamba watu wakienda kuposa hawamuulizi mama wa binti tabia za binti. Wanamuuliza jirani. Nikaendesha tena mwendo wa saa nne, peke yangu, nikapanda ngazi za nje za jengo lao hadi ghorofa ya pili na kubisha mlango wa jirani wa mama wa kijana. Akafungua mama mmoja Mkongomani. Nilipomtaja kijana, hakuningoja nimalize.

"Ule mutoto? Papa, ule ni wa baraka! Mama yangu anaendaka kusafishwa figo kila mardi, jeudi na samedi. Ule mutoto anamubebaka ku mugongo, anamushusha ngazi saa kumi na moja ya asubui, kisha anamurudisha. Miaka mbili sasa."

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nikahesabu. "Hata Jumamosi ya mchezo?"

"Hata ya muchezo! Akiwa hapa, hajakosaka."

Nyuma yake, kwenye kochi, bibi mmoja mzee alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Nikashuka hadi kwenye gari, nikafungua kompyuta. Michezo aliyorudi akitembea ilikuwa minne, na yote minne ilichezwa hapo Houston Jumamosi mchana, saa chache tu baada ya zile ngazi. Katika michezo ya siku nyingine, iliyochezwa usiku, alirudi mbio kila mara. Nilicheka peke yangu kwenye maegesho hadi mtu mmoja akageuka kunitazama.

Bosi alinisikiliza kwenye simu bila kunikatiza. Mwishowe akasema, futa, andika ya jirani. Sijawahi kufuta sentensi kwa furaha kama ile. Siku ya drafti timu yetu ilimchukua katika raundi ya pili.

Kesho yake nikampigia mama yake kumpongeza. Dhamiri ilikuwa bado inanisuta, kwa hiyo nikamweleza nilichofanya mezani pake.

"Ulimwambia hivyo hivyo, kwamba ni mvivu?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Na yeye akaandika?"

"Akaandika. Lakini tulishafuta."

Akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Lakini mwanangu, yale nilikuwa nakwambia wewe. Nilijua wewe utaelewa."